Maradhi ya Huzuni Katika Vitabu vya Matabibu wa Kiislamu

Katika maradhi yanayomsibu binaadamu hapana yanayofichwa majumbani mwetu kuliko maradhi ya huzuni. Mwenye homa hutajwa, na mwenye sukari huwaambia watu mwenyewe wasimtilie sukari katika chai yake. Lakini mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi yake, akicheka na watu, akisali jamaa, kisha akawa haondoki kitandani, hali wala halali, hana hamu ya mke wala ya watoto wala ya biashara, huyo husemwa kwa minong'ono. Mmoja atasema amerogwa, wa pili atasema ana shetani, na wa tatu, ambaye ndiye mwenye kuumiza zaidi, atasema: imani yake imepungua, lau angelimtegemea Mwenyezi Mungu asingelikuwa hivi.

Neno hili la tatu husemwa kama kwamba limetoka katika dini yenyewe. Kwa hivyo nimeona vyema nieleze katika kurasa hizi ni nini hasa walichokiandika matabibu na wanavyuoni wa Kiislamu wa zamani juu ya maradhi haya. Walikwisha kuyaandika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na mengi waliyoyasema yako mbali kabisa na hayo yasemwayo barazani.

Tuanze na Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi. Alizaliwa kiasi cha mwaka 235 Hijriya, sawa na 850 Miladiya, katika kijiji kiitwacho Shamistiyan karibu na mji wa Balkh, ambao leo umo katika nchi ya Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo akisomesha watoto, na yeye mwenyewe katika ujana wake alifanya kazi hiyo hiyo. (Naomba waalimu wenzangu wafurahi kidogo hapa.) Akatoka kwao kwa miguu pamoja na msafara wa mahujaji mpaka Iraq, akakaa huko miaka minane akitafuta ilimu, na inatajwa kuwa miongoni mwa waalimu wake alikuwamo al-Kindi, yule mwanafalsafa mkubwa wa Waarabu. Kisha akarejea kwao. Watu wa jiografia wanamjua kwa ramani zake, kwani wale waliochora ramani kwa njia yake, kama al-Istakhri na Ibn Hawqal, huitwa mpaka leo watu wa skuli ya Balkhi. Alikufa mwaka 322, yaani 934.

Kitabu chake tunachokikusudia kinaitwa Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani Maslaha ya Miili na Nafsi. Kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni milango kumi na minne juu ya mwili: makaazi, maji, chakula, usingizi, kuoga, kukandwa, mazoezi, hata mlango mzima juu ya kusikiliza sauti nzuri. (Wanavyuoni wana maneno yao juu ya nyimbo na ala, na hapa si pahala pa kuyafungua.) Sehemu ya pili ni milango minane juu ya nafsi, na hii ndiyo iliyokuwa ngeni. Al-Balkhi alilalamika kuwa matabibu waliandika mno juu ya mwili wakaiacha nafsi, hali ya kuwa binaadamu ni vyote viwili, na kimoja kikiugua cha pili hakisalimiki. Mwili ukiumwa, fahamu hupungua na raha huondoka. Na nafsi ikiumwa, mtu hukosa ladha ya chakula na huweza hata kuingiwa na maradhi ya mwili. Akaongeza jambo ambalo msomaji atalipima mwenyewe: mtu aweza kuishi umri wake wote asipate baadhi ya maradhi ya mwili, lakini maudhi ya nafsi hapana anayesalimika nayo, mmoja yakimjia mengi na mwengine machache.

Tazama na majina ya maudhi hayo. Al-Balkhi aliyaandikia milango mmoja mmoja: ghadhab, khawf, huzn, wasawis. Bibi mzee wa Lamu au wa Pemba asiyejua Kiarabu, akisomewa majina hayo atayafahamu yote, kwani Kiswahili kimeyachukua tangu zamani: ghadhabu, hofu, huzuni, wasiwasi. Hata neno ambalo al-Balkhi alilitumia kwa huzuni isiyojulikana sababu yake, ghumma, ndugu yake yuko kwetu katika mashairi, nalo ni ghamu. Maneno tuliyarithi, lakini ilimu iliyokuwa nyuma ya maneno hayo haikutufikia pamoja nayo.

Na ilimu yenyewe ni hii. Al-Balkhi alisema huzuni ni mbili. Ya kwanza ni ile ambayo sababu yake inajulikana: mtu amefiwa na ampendaye, au amepoteza mali, au amekosa kitu alichokuwa akikitafuta kwa moyo wote. Ikizidi nguvu akaiita jaza', yaani kukosa subira na kupapatika. Ya pili ni ile ambayo mtu hujikuta moyo wake umebanwa, hana uchangamfu, kitu alichokuwa akikifurahia jana leo hakimfurahishi, na akiulizwa "una nini?" hana la kujibu, kwa sababu na yeye mwenyewe hajui. Asili ya huzuni hii ya pili, alisema, iko mwilini, katika hali ya damu kuharibika na kupoa. Kwa hivyo haiondoki kwa mawaidha peke yake. Yataka mwili utibiwe, na pamoja na hayo nafsi isiachwe, bali mtu azungumzishwe kwa upole na akae na wale awapendao.

Ama ile huzuni ya kwanza aliitilia dawa ya fikira, naye akaigawa mara mbili. Iko dawa ya kutoka nje, nayo ni maneno ya mtu mwengine mwenye busara anayemsemeza mgonjwa. Na iko dawa ya kutoka ndani, nayo ni fikira ambazo mtu huziweka tayari katika nafsi yake. Hapa alileta mfano mzuri sana. Mtu mwenye hadhari huweka dawa nyumbani siku alizo mzima, ili maradhi yakimjia usiku asihangaike. Vivyo hivyo mtu na aziweke fikira njema katika moyo wake siku za utulivu, azizoee, ili huzuni au hofu ikimvamia azikute karibu. Leo yako matibabu ya namna hiyo hiyo katika hospitali za dunia, ambayo mgonjwa hufundishwa kuzitazama fikira zake mbaya na kuzipima kama ni za kweli. Aliyeyapangilia katika miaka ya 1960 ni tabibu wa Marekani, Aaron Beck, katika mji wa Philadelphia. Sisemi kuwa Beck alimsoma al-Balkhi, kwani nitakavyoeleza mbele, hakuwa na njia ya kumsoma.

Na ile kuigawa huzuni mara mbili nayo ilirudi baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 matabibu wa Ujerumani, mmoja wao Emil Kraepelin, waliyagawa maradhi haya kuwa yale yatokayo ndani ya mwili na yale yaletwayo na misiba ya nje. Siku hizi madaktari hawaushiki sana mgawanyo huo, kwani wameona kuwa mara nyingi mambo huchanganyika: mtu amefiwa, na ndani ya mwili wake pia mna udhaifu aliozaliwa nao, na vyote viwili hukutana. Huangalia zaidi maradhi yamefika wapi kuliko yalitokea wapi. Pia tusione haya kusema kuwa habari ya damu kupoa, na ile ya nyongo nyeusi waliyoipokea matabibu wetu kutoka kwa Wayunani, haikusimama mbele ya ilimu ya leo. Kilichosimama ni ule msingi wenyewe, kwamba iko huzuni ambayo ni ugonjwa, na kwamba mgonjwa hapaswi kuulizwa "kwa nini umehuzunika?" kama anayeulizwa kwa nini amevunja sahani.

Sasa tumrejee yule asemaye kuwa imani imepungua.

Kwanza aisome Suratu Yusuf. Nabii Yakub (A.S.) alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na hapana Muislamu anayethubutu kusema kuwa Nabii huyo alikosa imani. Na Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na Bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, mwaka wa kumi wa Utume, kiasi cha 619 Miladiya, na mwaka huo wenye kuandika sira wameuita Mwaka wa Huzuni. Na katika dua alizokuwa akiziomba sana ni kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamm na hazan. Mtu hajikingi ila na kitu kiwezacho kumpata.

Pili amsome tabibu Is-haq bin Imran. Huyu alitoka Baghdad akaitwa Qayrawan, katika nchi ya Tunisia ya leo, kumtibu amiri wa mwisho wa ukoo wa Aghlab, Ziyadatullah wa Tatu, ambaye baadaye alimgeukia akamuua. (Hiyo ndiyo iliyokuwa hatari ya kuwa tabibu wa wakubwa.) Mwanzoni mwa karne ya 10 Is-haq aliandika risala nzima juu ya malinkhulia, jina la Kiyunani la maradhi ya huzuni na hofu zisizo na msingi. Alipowataja wanaoelekea kupatwa na maradhi hayo, hakuwataja walevi na wapuuzi. Aliwataja wachaji Mungu wanaojitesa kwa ibada na kwa khofu ya adhabu, na wanavyuoni wanaosoma na kuhifadhi na kufikiri kupita kiasi. Katika misiba inayoyaleta alitaja mtu kufiwa na mtoto ampendaye, na mwanachuoni kupotelewa na vitabu vyake asiweze kuvipata tena. Tazama jinsi tabibu huyu alivyovijua vyumba vya watu! Maradhi aliyaona yakiingia kwa mlango wa uchamungu wenyewe, na yule wa barazani anadhani mlango huo umefungwa.

Tatu, na hapa ndipo pazito zaidi, asome khabari ya Imamu al-Ghazali kwa kalamu yake mwenyewe. Katika mwaka 484 (1091) Waziri Nidham al-Mulk alimweka kuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, naye hajatimiza miaka arubaini. Mamia ya wanafunzi walikuwa wakimsikiliza, na wakubwa wa dola walimwendea. Kisha akaeleza katika kitabu chake al-Munqidh mina dh-Dhalal kuwa tangu mwezi wa Rajab mwaka 488, yaani mwaka 1095, alikaa karibu ya miezi sita moyo wake ukivutana, huku dunia na huku akhera, mpaka ulimi wake ukafungika. Akawa anajilazimisha kusomesha siku moja tu ili kuwaridhisha wanafunzi, na neno halitoki. Kufungika huko kukamletea huzuni moyoni, na huzuni ikaua nguvu ya tumbo lake, akawa hamezi kinywaji wala hasagi tonge. Matabibu wakakata tamaa naye. Wakasema jambo hili limeshuka moyoni, na kutoka moyoni limeenea mwilini, na haliwezi kutibika mpaka siri ya moyo ipumzike na kinachoushughulisha.

Sisi hatuwezi kumpima mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia tisa nyuma tukampa jina la ugonjwa. Wengine wamesema ilikuwa ni safari ya roho na si maradhi, na mwenyewe Imamu aliona mkono wa Mola wake katika jambo lile. Lakini hayo mawili hayapingani. Khabari ni ya mtu aliyeshindwa kusema, kula na kufanya kazi yake, huzuni imemkaa moyoni, na watu waliomzunguka walimwita tabibu. Hawakumwambia "wewe ni Hujjatul Islam, yakuwaje?" Na matabibu nao hawakuudhika kukiri kuwa ugonjwa wa mwili ule ulianzia pasipoonekana. Akapumzika na kazi. Akawawekea wanawe riziki yao, akamwachia ndugu yake Ahmad darsa zake, akatoka Baghdad mwisho wa mwaka huo kwenda Sham, kisha Baytul Muqaddas na Hijazi. Haukurudi kwake ukimya wa kusomesha ila baada ya miaka kumi na moja, aliporudi kufundisha Nishapur mwaka 499 (1106). Alikufa kwao Tus mwaka 505 (1111). Ihyaa, kitabu ambacho hapana chuo cha pwani kisichokijua, ni matunda ya miaka ile aliyokuwa nje ya kazi.

Kabla sijafika kwenye hospitali, nisimulie kisa kimoja ambacho wanafunzi hukipenda. Amekitaja Nidhami Arudhi wa Samarkand, mwandishi wa karne ya 12, juu ya Ibn Sina, naye kwa kawaida ya waandishi wa visa pengine alitia chumvi yake. Mwana wa mfalme mmoja wa ukoo wa Buwayh alishikwa na malinkhulia mpaka akadhani yeye ni ng'ombe. Akawa analia kama ng'ombe na kuwaambia watu wamchinje wapike harisa kwa nyama yake, ndiyo hii bokoboko yetu. Akakataa kula kabisa, akadhoofu, na matabibu wakashindwa. Ibn Sina akatuma mtu amwambie: jifurahishe, mchinjaji anakuja. Kisha akaingia na kisu mkononi, akaamrisha ng'ombe afungwe na kulazwa, akampapasa mbavu kama wafanyavyo wachinjaji, akasema: "Huyu amekonda mno, hafai kuchinjwa leo. Mpeni chakula anenepe, nitarudi." Kijana akala kila alicholetewa, na ndani ya chakula mlikuwa na dawa. Nguvu zikamrudia, na akili ikarudi pamoja nazo.

Kiwe kimetokea hivyo au hakikutokea, ndani yake mna mwendo wa tabibu. Hakubishana na mgonjwa juu ya ung'ombe wake, wala hakumcheka, wala hakumpiga. Alitafuta njia ya kumtilia chakula na dawa, akaipata kwa kuingia pale alipo mgonjwa.

Ama hospitali, zilizoitwa bimaristani, zilikuwa na vyumba vya wagonjwa wa akili pamoja na vya wagonjwa wengine, chini ya paa moja na waqfu mmoja. Sultan Nuruddin Zanki alijenga yake Damascus baada ya kuuteka mji ule mwaka 1154. Sultan Qalawun alipougua alitibiwa huko, akaweka nadhiri, na alipotawala Misri akajenga al-Mansuri mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284. Katika hati ya waqfu wake aliandika kuwa ni ya tajiri na masikini, mwanamume na mwanamke, mwenyeji na mgeni, na kwamba mgonjwa hakuwekewa muda, atakaa mpaka apone. Huko Edirne, Sultan Bayezid wa Pili alijenga yake mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi aliyeiona katika karne ya 17 aliandika kuwa wanamuziki kumi walikuwa wakija mara tatu kwa wiki kuwapigia wagonjwa, kila maradhi na maqamu yake, na kati ya jengo maji yakichuruzika kwenye hodhi. Jengo hilo lingalipo, na tangu 1997 ni makumbusho. Lakini tusiyapambe mambo ya zamani. Ibn Jubayr alipopita Damascus mwaka 1184 aliwaona wendawazimu hospitalini wamefungwa minyororo, na Edirne nako minyororo ilikuwako.

Basi ilimu hii yote ilikwenda wapi? Jawabu moja ni la kusikitisha. Risala ya Is-haq bin Imran ilichukuliwa katika karne ya 11 na Constantine Mwafrika, mtu wa upande wa Tunisia aliyekuwa mtawa katika nyumba ya Monte Cassino huko Italia, akaitia katika Kilatini bila ya kumtaja mwenyewe, na matabibu wa Ulaya wakaisoma kwa mamia ya miaka. Kitabu cha al-Balkhi hakikupata hata bahati hiyo ya kuibwa. Nakala zake zilikaa Istanbul katika maktaba ya Ayasofya, na mtu wa kuzifungua alikuwa mmoja mmoja, mpaka mwaka 1984 mwanachuoni wa Kituruki Fuat Sezgin alipozipiga picha na kuzichapisha Frankfurt. Mwaka 2013 Malik Badri, bingwa wa ilimu ya nafsi kutoka Sudan, aliyefariki mwaka 2021, alitoa tafsiri ya Kiingereza ya ile sehemu ya nafsi. Ndiyo maana babu zetu waliosoma Ihyaa ukumbini hawakuwa na al-Balkhi rafuni.

Na walichokiona babu zetu badala yake ni hospitali za wakoloni. Mathari ya Nairobi ilifunguliwa kwa ajili ya wendawazimu mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, na zilijengwa zaidi kwa kuwaweka watu kando kuliko kuwaponya. Mpaka leo majina hayo mawili ni matusi ya watoto njiani, ingawa kazi ifanywayo humo siku hizi ni nyengine. Khofu hiyo bado inawaweka watu nyumbani, na dawa zenyewe zimebadilika tangu zamani. Mwaka 1952 madaktari wa hospitali ya kifua kikuu huko New York waliwaona wagonjwa wao waliokuwa wakipewa dawa mpya wanachangamka kupita ilivyotarajiwa, na kutoka hapo ikapatikana moja katika dawa za kwanza za huzuni. Mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza ya pili, imipramini. Nyengine nyingi zimefuata, zenye madhara machache zaidi. Hazimgeuzi mtu kuwa mwengine, wala hazifanyi kazi siku moja: hutaka wiki mbili mpaka sita kabla ya nafuu kuonekana vizuri, na baada ya kupona mgonjwa huendelea nazo miezi sita au zaidi ili maradhi yasirudi. Na kabla ya kumpa, daktari mwema humpima damu, kwani tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo, au damu ikipungua, mtu aweza kuonekana kama mwenye sonona, ndilo jina jipya la maradhi haya.

Wengi hawahitaji dawa hapo mwanzo, wahitaji kusemezwa, ile dawa ya kutoka nje ya al-Balkhi. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliona nchi ina wagonjwa wengi na madaktari wa akili wachache mno, akawafundisha mabibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, Harare, wakae kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Hawakulitumia jina la kigeni la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, kama sisi tusemavyo "fulani ana mawazo." Matokeo ya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 573 katika zahanati 24, yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliobaki na dalili za huzuni nzito walikuwa kiasi cha 14 katika kila mia kwa waliokaa na mabibi, na 50 katika kila mia kwa waliopata huduma ya kawaida. Nani pwani hii asiye na bibi awezaye kusikiliza?

Lakini ajue bibi huyo na ajue kila mwenye nyumba kuwa ziko dalili za kupelekwa hospitali bila ya kungoja. Huzuni iliyokaa wiki mbili au zaidi, kila siku, usingizi umekwenda au umezidi, chakula hakishuki, mtu anajiona hana thamani na kuwa yeye ni mzigo kwa watu wake. Mama aliyejifungua akawa hamtazami mtoto. Na zaidi ya yote, anayesema afadhali afe, au anayegawa vitu vyake na kuaga. Huyo asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, na aulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii fikira hiyo kichwani, kunamfungulia mlango wa kusema. Sheria nayo imeanza kulielewa jambo hili: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha katiba.

Watu huniuliza juu ya kombe na kisomo. Mwenye kumsomea mgonjwa wake Qurani amefanya jema, na asome. Tunachokataza ni kumpiga mgonjwa kwa jina la kumtoa shetani, kumfungia chumbani, na kumnyang'anya vidonge vya daktari ili "kombe lifanye kazi." Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu watafute dawa, na Bibi Aisha (R.A.) akiwapikia waliofiwa talbina, uji wa shayiri, kwani alimsikia Mtume akisema kuwa unaupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Mwanamke aliyeichukua dua kwa mkono mmoja na sufuria kwa mkono wa pili hakuona tabu baina ya viwili hivyo.

Na wako wanaouliza kama vidonge hivi ni kileo. Si kileo: havilevyi wala havifuniki akili, bali huirudisha. Wakati wa Ramadhani mwenye kuvitumia amwendee daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kwani vingi humezwa mara moja kwa siku na vyaweza kuhamishiwa kwenye futari au daku. Akiambiwa kuwa hali yake haistahimili saumu, huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na ruhusa ya mgonjwa ni yake, atalipa akipona. Asiviache ghafla kwa shauri lake mwenyewe, kwa sababu kuviacha ghafla huleta kizunguzungu na kukosa usingizi, na huzuni yenyewe huweza kurudi ikiwa na nguvu zaidi ya mwanzo.